Kikundi kinyamazapo, au kinapoimba wimbo mmoja: kutafuta hitilafu katika majadiliano ya vikundi

Wanaoanza kazi ya kuongoza majadiliano ya vikundi hapa Uganda, yale ambayo ofisini wote huita FGD, huleta malalamiko yale yale. Awe mwanafunzi anayeandika tasnifu au ofisa wa mradi kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, utamsikia akisema: watu hawakuongea. Mzee mmoja aliongea peke yake. Kila mtu aliomba mabati na karo. Rekodi ina mvua tupu. Tumerudi na lundo la karatasi na hatujui tuandike nini.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia na ile ya nadra imekuja mwisho. Ukaguzi mwepesi umewekwa kabla ya matengenezo makubwa. Penye neno SIMAMA, simama kweli.

Kabla hujaruka kwenye dalili yako, shika jambo moja. Hitilafu unayoiona chumbani mara nyingi ilizaliwa siku ya kualika. Ukirekebisha swali wakati ubaya uko kwenye orodha ya walioitwa, utabadilisha maswali mpaka jua lizame na hutapata kitu. Ndiyo maana karibu kila dalili hapa chini itakurudisha kwanza kwa maswali haya: nani aliitwa, aliitwa na nani, na aliambiwa nini.

Watu wa kazi hii ni watatu: mwezeshaji anayeuliza, mwandishi anayeandika kumbukumbu na kulinda kinasa sauti, na mhamasishaji aliyezunguka kijijini kuwaita washiriki. Mwongozo wa maswali ni ile karatasi ya mwezeshaji.

Dalili: kimya

Unauliza, watu wanatazama chini. Anayejibu anasema "ni hivyo tu" au "mwenzangu ameshasema."

Anza kwa kuhesabu watu. Sababu ya kwanza kwa wingi ni kwamba kuna mtu chumbani asiyepaswa kuwepo: mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliyekupokea, mhudumu wa VHT, timu ya afya ya kijiji, aliyewaita watu, ofisa wa shirika linalogawa chakula, mama mkwe wa mmoja wao. Hata akikaa mlangoni akichezea simu, kila mtu anajua anasikiliza. Yeyote asiye mshiriki, mwezeshaji au mwandishi aondoke, na namna ya kumwondoa ni kwa heshima. Mshukuru mbele ya watu, kisha mwombe akae na mwenzako mahali pengine ili maoni yake kama kiongozi yachukuliwe kwa nafasi yake. Na mhojini kweli. Mwenyekiti aliyehojiwa vizuri peke yake hatarudi kuchungulia dirishani.

Sababu ya pili ni mchanganyiko mbaya. Wanaume na wake zao katika duara moja; mwenye pikipiki tatu pamoja na vijana wa boda boda wanaomletea hesabu ya siku; mwenye shamba na vibarua wake. Vijijini kwingi utakuta wanawake wameketi kwenye mikeka na wanaume kwenye viti. Ukiona mpangilio huo, usianze. Wote wakae kwenye viti au wote kwenye mikeka, nawe pamoja nao. Ikiwa mada ni nyeti, kukaa sawa hakutoshi: tenganisha vikundi kwa jinsia na kwa umri, na mpe kila kikundi mwezeshaji wanayeweza kuongea mbele yake. Watu sita hadi wanane wanatosha. Vitabu vya zamani vya utafiti wa soko vilifika hadi kumi na wawili, lakini kwa mambo ya maisha ya watu idadi hiyo ni kubwa mno.

Ya tatu ni lugha, na hapa Uganda tusiipite haraka. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya kambi za jeshi na vituo vya polisi, na kwa wazee wengi bado kinasikika kama sauti ya mtu mwenye amri. Wakati huo huo, Mkongo aliyetoka Kivu na sasa yuko katika makazi ya wakimbizi ya Rwamwanja anakiongea nyumbani tangu utotoni, ila Kiswahili chake si cha mwalimu wa Kampala. Ukaguzi ni mwepesi: mwombe mshiriki mmoja amweleze jirani yake swali lako kwa maneno yake. Kikitoka kitu kingine, swali limevunjika. Tiba ni mwezeshaji wa lugha yao, aliyezoea usemi wao. Kuweka mkalimani katikati ya kikundi kunakula nusu ya muda na kunaua mazungumzo yenyewe, kwa sababu watu husubiri zamu ya tafsiri badala ya kujibizana. Kama huna mwezeshaji anayeongea lugha yao, acha vikundi na ufanye mahojiano ya mtu mmoja mmoja kwa mkalimani.

Ndipo tufike kwenye swali. "Je, huduma ya afya hapa ni nzuri?" ni swali la ndiyo au hapana, na jibu salama ni ndiyo. "Mtoto akishikwa na homa usiku wa manane hapa kijijini, nini hutokea mpaka apate dawa?" lina njia, watu na gharama ndani yake, hata mwenye aibu ana kipande chake cha kuchangia. Swali la kwanza kabisa liwe jepesi, la jambo ambalo kila mtu aliyepo analijua.

Mwisho ni kinasa sauti. Kisiwekwe mezani bila maelezo. Waonyeshe, waambie nani atasikiliza, kitafutwa lini, na kwamba mtu yeyote anaweza kuomba kizimwe.

SIMAMA iwapo kimya kilianza ghafla pale jambo fulani lilipotajwa: mpaka wa ardhi, askari, jina la ofisa, siasa za uchaguzi. Kimya hicho ni kinga yao. Usikichimbe. Nenda swali jingine kwa upole. Kikundi kikizidi kujifunga, shukuru, funga, na umweleze msimamizi wako siku hiyo hiyo.

Dalili: mtu mmoja anakula muda wote

Kwa kawaida mtu huyu hana nia mbaya. Katika mikutano ya kijiji mkubwa hufungua, na wengine huunga mkono. Yeye anafanya kazi aliyozoea, nao wanampa nafasi kwa adabu. Angalia kwanza macho yako mwenyewe: wawezeshaji wengi humtazama yule anayeongea vizuri, na kumtazama ni kumwita aendelee. Mketishe kando yako, bega kwa bega, ambako macho yenu hayakutani kirahisi, kisha elekeza uso wako kwa wengine.

Isipotosha, tumia adabu ile ile iliyoleta tatizo. Mwambie: "Mzee, tunaomba vijana waanze, wewe utatufungia." Kufunga ni heshima, na hakuna mzee anayeikataa. Njia nyingine ni kuwapa dakika mbili waongee wawili wawili kabla ya kuongea mbele ya wote. Aliyekwisha kulisema wazo lake kwa jirani hulisema tena kwa urahisi.

Kama hata hapo anafunika wenzake, rudi kwenye orodha. Mwalimu mkuu, mchungaji, mwenyekiti wa SACCO na mwenyekiti wa RWC, kamati ya ustawi ya wakimbizi, hawaingii katika kikundi cha watu wa kawaida. Wafanyie kikundi chao.

Dalili: kila jibu ni ombi

Unauliza kuhusu usalama wa maji, wanajibu mabati. Unauliza kuhusu shule, wanajibu karo, mbuzi, mbegu. Wawezeshaji wengi hukasirika hapa na kusema watu "wamezoea misaada." Hasira hiyo haina haki. Watu wanajibu kile walichoelewa wameitiwa.

Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza ni swali moja kabla ya kuanza: "Mliambiwa tumekuja kufanya nini?" Sikiliza majibu yote bila kukatiza. Mara nyingi utagundua mhamasishaji, ili apate watu upesi, alisema kuna shirika linaandikisha. Au hakusema hivyo, lakini gari lenye nembo na fulana zenu zilisema. Sahihisha hapo hapo, kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma: hatuandikishi, hatugawi, na mtakachosema hakitaongeza wala kupunguza jina la mtu kwenye orodha yoyote. Kisha mwache atakaye kuondoka aondoke, na nauli yake apate.

Katika makazi ya wakimbizi sahihisho hilo lina uzito zaidi. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulianza kutolewa kwa kugawa kaya katika makundi ya uhitaji, na tangu hapo neno "utafiti" linaweza kumtia mtu hofu ya kuhamishwa kundi. Mama aliyeanza kuuza nyanya hatakwambia anauza nyanya. Atakwambia hana kitu. Hajakudanganya wewe, anailinda sahani ya watoto wake. Ukimjia kutoka ofisini ukiwa na karatasi zenye majina, huwezi kumlaumu.

Sababu ya pili ni jinsi unavyouliza. Mwongozo uliojaa "mna changamoto gani?" na "mnahitaji nini?" unaomba orodha ya maombi, na utaipata. Uliza vitendo vilivyokwisha kutendeka: "Mwezi uliopita chakula kilipokwisha kabla ya mgao, watu wa hapa walifanyaje? Nani alikopa? Kwa nani?" Hapo ndipo utasikia habari za mikopo ya dukani, za kubadilishana maharage na mkaa, za msichana aliyepelekwa kufanya kazi za ndani mjini.

Ya tatu: wahitaji kweli wana haja, na haja hiyo haitangoja utaratibu wako. Usiizuie. Tenga dakika kumi mwanzoni, yaandike maombi yao yote kwenye karatasi kubwa mbele yao, sema utayapeleka kwa nani, na uyapeleke. Baada ya hapo mazungumzo hufunguka, kwa sababu mzigo wamekwisha kuutua.

Angalia pia posho. Nauli na soda ni haki ya mtu aliyeacha shamba lake kwa ajili yako. Kiasi kiwe kimoja kwa wote, kijulikane kabla, na kisitegemee mtu amesema nini au amekaa mpaka mwisho. Kikizidi mno thamani ya siku ya kazi mahali hapo, utaanza kuwapata watu waliojifanya kina mama wajawazito ili waingie kwenye orodha, na mhamasishaji atakuletea shemeji zake.

Habari ya shemeji inahitaji ukaguzi wake. Muulize kila mtu faraghani alivyopata habari za mkutano. Wote wakitaja nyumba moja, una kikundi cha ukoo. Tiba si kumfukuza mhamasishaji. Weka wahamasishaji wawili au watatu wasiotoka upande mmoja: mmoja wa msikitini, mmoja wa kanisani, mmoja wa sokoni au kisimani, kila mmoja apendekeze majina zaidi ya nafasi zilizopo, na wewe uchague.

Dalili: wanajibu kwa zamu, hakuna mazungumzo

Hii ni hitilafu ambayo wengi hawaioni kama hitilafu. Mkutano ulikwenda vizuri, kila mtu alijibu, rekodi ni safi. Ukisoma maandishi, unakuta mahojiano manane mafupi yaliyofungwa pamoja.

Njia hii ya kazi ilianza na swali la "kwa nini." Mwaka 1941, huko New York, mwanasosholojia Paul Lazarsfeld alimwalika mwenzake Robert Merton kutazama jaribio la vipindi vya redio. Wasikilizaji walibonyeza kitufe chekundu waliposikia kitu kilichowaudhi na cha kijani walipopendezwa. Vitufe vilionyesha lini. Havikuweza kusema kwa nini. Merton akaanza kuwahoji wale watu pamoja, akiwarudisha kwenye kile hasa walichosikia. Baadaye watafiti wakaona utajiri mwingine: watu wanapobishana, kukumbushana na kusahihishana, wanaonyesha jinsi wazo linavyojengwa kati yao. Jenny Kitzinger wa Uingereza, katika utafiti wa vikundi 52 kuhusu habari za Ukimwi kwenye vyombo vya habari, alichagua makusudi watu wanaofahamiana, kwa kuwa ndivyo wanavyoongea katika maisha yao ya kila siku. Kama watu wako hawaongei wao kwa wao, umelipa gharama ya kikundi na kupata bidhaa ya hojaji.

Tazama kwanza viti. Wakiwa wamepangwa safu kama darasani, watamjibu mwalimu. Duara, hakuna meza katikati.

Kisha piga hesabu ya mwongozo wako. Una dakika 90. Toa 15 za kukaribishana, maelezo na ridhaa, zimebaki 75. Ukiwa na maswali kumi, kila swali lina dakika saba na nusu, na kwa watu wanane hiyo haifiki dakika moja kwa mtu. Mwongozo wa maswali ishirini na tano hauwezi kuzaa mazungumzo hata aje mwezeshaji wa namna gani. Bakiza saba au nane. Najua mfadhili ameongeza yake, na mshauri wake ameongeza ya kwake. Pigania hili ofisini kabla hujapanda gari, kwa sababu ukifika uwanjani hakuna wa kukusaidia.

Halafu jisikilize kwenye rekodi yako. Ukisema "vizuri sana" baada ya kila jibu, umeweka alama kwenye daftari la mwanafunzi, na anayefuata atatafuta jibu litakalopata alama hiyo. Ukizunguka "wewe je? na wewe je?", umepanga zamu wewe mwenyewe. Badala yake, chukua maneno yao uyagonganishe: "Dada hapa amesema kituo cha afya hakina dawa. Kaka kule amesema alipewa dawa wiki hiyo hiyo. Hilo limekaaje?" Kisha nyamaza. Hesabu mpaka tano moyoni kabla hujaongeza neno. Wanaoanza huona sekunde tano ni aibu, na hapo hapo ndipo mtu wa sita hufungua kinywa.

Ikiwa bado, wape kitu cha kufanya pamoja. Kadi zenye picha wazipange kuanzia tatizo kubwa hadi dogo, nawe uketi nyuma. Mpangilio wenyewe hauna thamani kubwa. Thamani iko katika ubishi wa kwa nini kadi ya maji ipande juu ya kadi ya shule. Au simulia kisa kisicho na mwisho, cha msichana wa miaka kumi na sita anayetakiwa kuolewa, na uwaulize wamalizie.

Dalili: wamekuja wawili, au wamekuja ishirini na tano

Wawili: ulipanga saa mbaya. Kina mama wengi wako shambani asubuhi, kwa hiyo saa nane mchana inafaa kuliko saa tatu. Epuka siku ya soko, siku ya mgao, Ijumaa adhuhuri na siku ya maziko. Alika wawili zaidi ya unaowahitaji. Waliokuja wahoji kama wawili na uandike hivyo, usiite kikundi.

Ishirini na tano: usikae nao wote. Chagua kwa vigezo ulivyotangaza kabla, na mwenzako akae na waliobaki, awaeleze, awashukuru. Waliofika kwa mwaliko halali wapewe nauli yao.

Dalili: rekodi haisikiki

Mabati na mvua. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mvua ya alasiri ikianza kupiga paa hakuna kinasa kitakachokuokoa. Tafuta nyumba ya nyasi, mti wenye kivuli, au anza mapema. Tumia vinasa viwili, kimoja kila upande wa duara, na simu iliyowekwa isipokee miito. Jaribu dakika moja na uisikilize kabla ya kuanza. Mwandishi naye aandike namba ya msemaji na maneno yake matatu ya kwanza kila mtu anapoanza, pamoja na mchoro wa nani ameketi wapi. Karatasi hiyo moja itakupa usiku wa kulala wakati wa kunukuu, yaani kuyaandika yaliyo kwenye rekodi neno kwa neno.

Dalili: ofisa anakuja kuuliza kibali, mkutano unasimama

Mara nyingi ngazi moja ilirukwa. Utafiti unaohusu watu unapitia kwanza kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Ukifika wilayani, ofisi ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, na uongozi wa wilaya wajue. Ukifika kijijini, LC1. Katika makazi ya wakimbizi unahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na mkuu wa makazi awe ameiona. Beba nakala ya kila barua.

SIMAMA ukiulizwa na hauna. Usibishane na usiendelee chini ya mwembe mwingine. Wewe utaondoka jioni. Washiriki watabaki hapo na ofisa yule yule.

Dalili: mtu analia, au kikundi kinagombana

Ugomvi kwanza. Ukiwa wa hoja, uache, ni data. Ukigeuka kuwa wa kabila, wa nani alimloga nani, au wa mtu aliyeketi pale, ukate. Zima kinasa, pumzisha watu kwa chai, na usirudi kwenye mada hiyo.

Machozi mara nyingi hutokana na swali lililomtaka mtu aeleze yaliyompata yeye mbele ya majirani. Katika kikundi uliza habari za "watu wa hapa." Usiulize "wewe ulipigwa?" Na mwanzoni sema ukweli huu: sisi watafiti tutatunza siri, lakini hatuwezi kumfunga mdomo kila aliyeketi hapa, kwa hiyo usiseme usilotaka jirani alijue. Wawezeshaji wengi huahidi usiri kamili. Hiyo ni ahadi usiyoweza kuitimiza.

Akianza mwenyewe kusimulia, usimkatize kwa ukali na usimdodose. Mwandishi au mwenzako atoke naye kwa utulivu, wewe ubaki na wengine.

SIMAMA na utafute mtaalamu mara moja ikiwa: mtu amesema anapigwa au amebakwa na mhusika yuko karibu, mtoto yuko hatarini, mtu amesema anataka kujiua. Hapa kazi ya utafiti imekwisha na kazi ya kuokoa imeanza, na wewe hujafunzwa kuifanya peke yako. Kabla hujatoka ofisini uwe na karatasi ya majina na namba: mshauri nasaha, kituo cha afya, kitengo cha polisi cha kulinda watoto na familia, na kwa watoto namba ya bure ya Sauti, 116. Usiende kumkabili mhusika. Usipatanishe. Na washiriki walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwao wenyewe. Kwa mada za ukatili usiwaweke kikundini bila mtaalamu wa watoto.

Dalili: kurasa nyingi, hakuna cha kusema

Una vikundi kumi na viwili, maandishi yamefika, na ripoti ni msururu wa nukuu chini ya kila swali la mwongozo.

Kwanza kabisa, je, mlikaa pamoja baada ya kila kikundi? Nusu saa ya mwezeshaji na mwandishi kabla ya kurudi mjini: nini kimetushangaza, wapi waligawanyika, nani alinyamaza na kwa swali lipi, swali gani tubadilishe kesho. Uchambuzi unaanza hapo. Timu inayoruka hatua hii hujikuta wiki tatu baadaye ikisoma maneno ya watu isiowakumbuka.

Pili, angalia maandishi yenyewe. Saa moja ya sauti ya kikundi hula saa 4 hadi 8 za kunukuu, na zaidi ikiwa na tafsiri, kwa hiyo ofisi nyingi humwambia mtu asikilize Kiluganda au Kiswahili na kuandika Kiingereza moja kwa moja. Hapo ubishi hulainishwa, methali hupotea, na watu wanane huanza kuongea kama mtu mmoja aliyesoma. Jitahidi kunukuu kwa lugha iliyosemwa, na utafsiri baadaye zile sehemu utakazotumia. Muda ukiwa mfupi, bora vikundi vichache vilivyonukuliwa vizuri. Greg Guest na wenzake mwaka 2017 walichunguza vikundi 40 nchini Marekani na kukuta zaidi ya asilimia 80 ya mada zilijitokeza katika vikundi viwili au vitatu vya mwanzo, na asilimia 90 katika vitatu hadi sita. Vikundi vyao vilikuwa vya wanaume wa aina moja wa mji mmoja, kwa hiyo hesabu hiyo ichukue kwa kila aina ya washiriki: wanawake wa makazi ya wakimbizi ya Kyaka II si badala ya vijana wa Kisenyi mjini Kampala.

Tatu, acha kufuata maswali ya mwongozo. Soma kikundi kizima mara mbili bila kalamu. Kisha weka alama fupi pembeni, msimbo, kwa kila kinachotokea: "anakopa dukani," "anaficha kipato," "wanamsahihisha kijana." Misimbo inayokwenda pamoja ikusanye iwe mada, zirudie mada hizo ukizipima na maandishi, zipe majina, ndipo uandike. Virginia Braun na Victoria Clarke walizipanga hatua hizi kuwa sita mwaka 2006, na wanafunzi wengi huzifuata. Usikimbilie programu ya kompyuta kwa vikundi vinne. Karatasi, mkasi na kalamu za rangi vinatosha na vinakulazimisha kusoma.

Nne, tafuta pale kikundi kilipogeuka. Nani alianza na msimamo mmoja akamaliza na mwingine, baada ya neno la nani? Jambo gani lilisemwa na mmoja, likafuatwa na kicheko, na halikusemwa tena? Nukuu ya mtu mmoja iliyokatwa kutoka kwenye mabishano yake inadanganya hata kama kila neno ni sahihi. Weka mistari miwili au mitatu ya majibizano.

Ripoti ikirudishwa na swali "ni asilimia ngapi walisema hivyo?", usikubali kuhesabu. Washiriki hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, na kutikisa kichwa si kura. Andika ni vikundi vipi jambo liliibuka bila kuulizwa, ni vipi lilipingwa, na kwa ukali gani. Akihitaji asilimia kweli, afanye uchunguzi wa kaya, na vikundi vyako vitamsaidia kujua aulize nini.

Mwite mchambuzi mzoefu ikiwa wasomaji wawili wa maandishi yale yale wanapata mada zisizofanana kabisa, au ukijikuta unatafuta nukuu za kuunga mkono hitimisho ambalo mkuu wa mradi alikuwa nalo tangu mwanzo.

Dalili: mhasibu anataka orodha ya mahudhurio

Hii huja mwishoni na hupita bila kuonekana. Mhasibu anahitaji majina, namba za simu na saini za waliopokea nauli, na ana haki. Lakini orodha hiyo ikibandikwa nyuma ya ripoti, au ikihifadhiwa katika faili moja na rekodi, usiri wote uliouahidi umekwisha. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka ukusanye kile tu unachokihitaji na ukilinde.

Tengeneza karatasi mbili tangu mwanzo. Ya malipo ina jina, kiasi na saini, kichwa chake kinasema "nauli ya mkutano" bila kutaja mada wala tarehe ya kikundi fulani, na inakwenda kwa mhasibu ndani ya bahasha. Ya utafiti ina namba tu, umri na kazi, na ndiyo inayokaa na maandishi. Mwandishi asiwahi kuziweka kwenye mfuko mmoja. Katika kijiji kidogo hata "mkunga, miaka 52" ni jina kamili. Kwenye ripoti andika "mwanamke mtu mzima" na utosheke. Rekodi ihamishwe kwenye kompyuta yenye nywila jioni ile ile, ifutwe kwenye simu, na tarehe ya kufutwa kabisa iwe ile uliyowaambia washiriki.

SIMAMA mtu yeyote, awe mfadhili, mkuu wa mradi au ofisa wa serikali, akitaka kujua nani alisema nini. Usimjibu wewe. Mpeleke kwa mtafiti mkuu na kwa kamati ya maadili iliyotoa kibali. Namba yao iko kwenye karatasi ya ridhaa uliyowaachia washiriki.